Chumvi ya Marehemu

Jirani yetu hukamua viazi vilivyokunwa kwa mfuko wa kitambaa, mikono ikiwa myekundu, huku akiulaani upepo wa Ghuba ya Sainte-Marie. Maji yakitoka huyapima, kisha huvirudishia viazi kiasi kilekile cha mchuzi wa kuku unaochemka. Hiyo, ikishaokwa hadi ishike ukoko, ndiyo rapi yetu. Miaka yote alimtania mama: "Shoga, kwa chumvi hii hata samaki angekufa kiu."

Tulipomzika mama, baba aliacha kula. Jumapili jirani akaja jikoni kwetu, akapika, akaonja mchuzi, kisha akatia konzi nzima ya vitunguu vilivyohifadhiwa kwa chumvi.

Baba alionja kijiko kimoja. "Chumvi imezidi."

"Najua, shemeji. Kula."

Akala mpaka ukoko. Mimi nikamfulia jirani ule mfuko wake, taratibu.