Alumini niliyoiona kwenye nyota iliyolipuka, na baba aliyeitangaza kanisani

Wakuu, kwema? Hili jambo nimekaa nalo tangu mavuno, leo nalitoa. Sitaongeza chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipa mwisho mzuri kuliko huu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mpanda, nasoma masters online. Utafiti wangu ni kuchambua data za satelaiti inayopiga picha za X-ray za mabaki ya nyota zilizolipuka.

Kwa wasiojua: nyota kubwa ikilipuka inaacha wingu la gesi lenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo inatoa X-ray, na hewa yetu inazizuia, ndiyo maana kamera inapelekwa juu. Kila elementi iliyomo inaonyesha mlima wake kwenye grafu. Silikoni ina wake, chuma kina wake.

Sasa jioni moja, kwenye wingu moja, nikaona mlima wa alumini. Mkubwa, wazi kabisa.

Katika yote niliyosoma kuhusu wingu lile, hakuna aliyeutaja. Nikamtumia msimamizi wangu grafu, halafu bila kusubiri jibu nikampigia baba.

Baba ni mkulima wa mpunga kule Mpimbwe. Hakusoma sana, ila kitu akikipenda anakuuliza mpaka uchoke.

Kwetu, baada ya mavuno kuna Jumapili ya shukrani. Mnapeleka mpunga altareni, na kigangoni kwetu kila mkuu wa familia anasema anachoshukuria. Baba akasimama akasema mwanaye ameona alumini, hii hii ya masufuria, ndani ya nyota iliyokufa, na hakuna binadamu aliyewahi kuiona pale. Mama anasema vigelegele vilipigwa.

Kesho yake msimamizi akajibu: "Umeangalia sehemu ya picha isiyo na wingu?"

Sikuwa nimeangalia. Nilipoangalia, alumini ilikuwepo hata penye giza tupu.

Yaani haikutoka kwenye nyota. Ni alumini ya kamera yenyewe: chembe za angani zikiigonga, nayo inatoa X-ray zake. Ni kitu kinachojulikana, anayeanza tu anafundishwa kukiondoa. Mimi kwa papara nikaruka hatua.

Nikamwambia baba ukweli, nikamwomba aache tu, watu watasahau. Akasema, "Nimesema mbele ya Mungu na watu. Siwezi kufuta nikiwa nyumbani."

Jumapili iliyofuata akaomba nafasi, akasahihisha. Watu wakacheka. Sio kwa ubaya, lakini walicheka, na jina la Mzee Sufuria likamganda mpaka sokoni. Alikuwa anasoma masomo kwenye misa, sasa amemwachia mwingine na anakaa benchi la nyuma. Inaniuma, wakuu. Aibu ilikuwa yangu, akaibeba yeye.

Mwezi huu nimepata kitu cha kweli: joto la gesi ya wingu lile. Msimamizi amekagua, amekubali. Nikampigia baba.

Akafurahi. Nikamsikia anaanza kumwita mama, halafu akaacha.

Akashusha sauti: "Hongera, mwanangu. Ila hii tusimwambie mtu."

Nilichojifunza ni kwamba kuhakiki kunatangulia, hata ukiwa na furaha ya kupasuka. Kwa kazi yangu somo hilo limenifaa. Kwa baba nimechelewa.

Kama mzee wako aliwahi kunyamazishwa na aibu uliyoileta wewe, niambie hapa chini mlifanyaje mpaka akaanza kuongea tena.