Shahidi wa Redio

Mume wangu kila mtu humwita Koplo, hata mama yangu mzazi, ingawa ni mwaka wa ishirini na mbili huu tangu avue gwanda, na kazi yake sasa ni fundi bomba. Akija kuzibua sinki lako, hashiki hata spana kabla hajajua mlango uko wapi, na atakaa anautazama huo mlango mpaka amalize. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza pembeni kama mume wangu anatafutwa na polisi. Nikamwambia, dada, maji si yanapita? Basi mengine tuachie wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Nalisema hilo mapema ili usije ukadhani mimi ni mtu wa kumungunya maneno.

Kila asubuhi Koplo hunyoa ndevu kwenye bomba la uani, kioo kimening'inia kwenye msumari, na akinyoa huita majina. Majina ishirini na matatu, ya kikosi chake. Akishaita moja hunyamaza kidogo, kiasi cha mtu kuitika "afande", ndipo anaendelea. Kwenye jina la kumi na nne husubiri mpaka povu linamkauka shavuni. Miaka ya mwanzo nilikuwa nafanya mzaha, namwitikia toka jikoni "Afande!" ili amalize aje anywe chai kabla haijapoa. Siku moja nikaitikia hilo la kumi na nne. Aligeuka na wembe mkononi, uso umempauka, akawa ananitazama kama hanijui. Mzaha ukaishia hapo.

Lakini mtu huyo huyo, mwache afike kwenye ofisi ya serikali kumtetea askari mwenzake! Tulikuwa na chumba nyuma ya duka la vipuri, benchi moja, kabati lisilofungika na mafaili mpaka dirishani. Jumamosi wastaafu walijaa: huyu mgongo, yule macho, mjane anayeambiwa mumewe hakuwahi kuwa askari. Koplo anasikiliza, mimi naandika, maana mwandiko wake hata yeye mwenyewe haujui kesho yake. Kuna mwenzao aliyezungushwa miezi minane kwa mguu wa bandia uliovunjika. Koplo akauchukua ule mguu, akauweka juu ya meza ya mapokezi, akakaa. Siku nne! Anaondoka nao jioni, anarudi nao asubuhi. Siku ya tano mkubwa wao akateremka mwenyewe akiwa na karatasi imeshasainiwa. Tulicheka wiki nzima.

Sasa, kadi ya hospitali ya jeshi ina sharti lake. Lazima aliyekuwepo ulipoumia asimame mbele ya kamati aseme, nilikuwepo, niliona. Wengi wa waliokuwepo wamekufa, kwa hiyo Koplo ndiye aliyekuwa shahidi wa karibu kila mtu. Watu thelathini na mmoja, wa kikosi chake na wa vikosi jirani, wamepata kadi kwa mdomo wake. Aliyebaki ni Redio.

Redio alikuwa kiziwi, masikio yote mawili, tangu bomu lililowalipukia darajani vitani. Jina la utani walimpa wenzake kwa sababu anatangaza tu, hapokei. Huongea kwa sauti ya mnada, na ukitaka kumjibu unamwandikia kwenye daftari lake la mraba analotembea nalo. Jeshi lilimfukuza bila chochote, kwenye jalada lake limekaa neno moja: mtoro. Na nyuma ya sikio alikuwa na kipande cha chuma kilichoanza kutunga usaha. Daktari alimwandikia kwamba kikiachwa mpaka mwisho wa mwaka kitaingia kwenye ubongo, na wa kukitoa yuko hospitali ya jeshi tu. Mtoro hapewi kadi.

Miaka miwili Redio alikuja kila Jumamosi. Miaka miwili Koplo, akisikia tu ile sauti dukani, anakumbuka bomba linalovuja mahali fulani na kutokea mlango wa nyuma. Nilidhani ni kelele zinamkera. Mpaka siku nilipopanga kabati, nikalikuta faili la Redio chini kabisa, chini ya faili za marehemu. Nikalifungua. Orodha ya majina ya siku ya lile bomu, na hilo neno "mtoro" lipo kwenye mstari wa kumi na nne, kwa mwandiko ambao hata kuku wangu wangeutambua.

Nilimngoja mezani. Hata viatu sikumwacha avue. "Huyu ndiye unayemwita kila asubuhi?"

Akakaa. Akasema sajenti alikuwa ameshakufa, orodha ikamwangukia yeye. Moshi mtupu, lori linaunguruma. Aliita kila jina mara tatu. La kumi na nne halikuitikiwa. "Sikumwona, mama watoto. Ningejuaje kama amekuwa kiziwi?"

"Basi si useme hivyo hivyo mbele ya kamati? Uliita, hakusikia, hukumwona. Kosa! Mtu anaoza kichwa wewe unaona aibu ya kosa?" Nilimsema mpaka sauti ikanikauka, kisha nikamhurumia, kwa sababu alikuwa analia bila kujifuta.

Kamati hukaa mara moja kwa miezi mitatu. Tulikwenda watatu. Chumba kina feni isiyozunguka, meza ndefu, na mwenyekiti, mama mmoja mwanajeshi mwenye miwani, ambaye alimwonyesha Redio kwa ishara akae na mtu wa kumwandikia. Redio akanigeukia: "SHEMEJI, NIANDIKIE WEWE. NAKUAMINI." Hata karani alishtuka. Nikalipokea daftari, nikaweka goti juu ya goti.

Koplo akasimama. Alisema ya moshi na lori, kama alivyoniambia mezani, na mimi nikayaandika vizuri, herufi kubwa kubwa: *Aliita jina lako mara tatu. Hukusikia. Hakukuona.* Nikaweka nukta. Nilijua kazi imekwisha. Mwenyekiti akauliza kama ana la kuongeza, na mimi nikawa nafunika kalamu.

"Nilimwona," akasema Koplo.

Feni haizunguki, lakini nilihisi baridi.

"Lori lilishaondoka, afande, hatua kama thelathini. Alikuwa amekaa kando ya kalavati pale darajani, ametugeuzia mgongo, ameshika kichwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya dereva. Kupiga bodi mara moja tu, lori linasimama. Sikupiga. Niliogopa. Kambini wakaniuliza naandika nini juu yake. Ukiandika hajulikani alipo, kesho alfajiri mnarudishwa kumtafuta. Ukiandika mtoro, hakuna anayerudi. Niliandika mtoro. Alitembea siku tisa. Alipofika wakamkamata, wakamshtaki, na hakusikia hata neno moja walilomuuliza. Nilikuwepo. Nilikaa benchi la nyuma, sikusema kitu."

Aliendelea. Sijui alisema mengine mangapi. Redio alikuwa ananitazama mkono, anasubiri uandike. Mkono ulikataa. Niliwaza, nikimwandikia haya atamrukia mume wangu shingoni, na Koplo ataiacha shingo yake pale pale aishike. Niliwaza pia, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba nimelala na mtu huyu miaka ishirini na sita na sitaki mtu mwingine amjue kama nilivyomjua dakika ile.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema ushahidi unatosha, neno lile litafutwa, kadi itatoka wiki hiyo hiyo, na mambo ya Koplo yatazungumzwa siku nyingine. Koplo hakukaa. Alikuwa amesimama anamtazama Redio, mikono imenyooka ubavuni, anangoja kupigwa.

Redio akalivuta daftari. Akasoma huku midomo inacheza. Kisha akacheka, kicheko cha kupasua dari. "NILIJUA! MIAKA YOTE NAWAAMBIA WATU, KOPLO ANGENIONA ASINGENIACHA! MKE WANGU ALIONDOKA ANANIITA MTORO, NIKAMWAMBIA SUBIRI, IKO SIKU KOPLO ATASEMA!" Kisha akautazama tena ule mstari mmoja, akanitazama mimi. Alijitahidi kushusha sauti. "Lakini ameongea sana, shemeji. Ni hayo tu?"

Nikachukua kalamu. Niliandika: *Ni hayo tu.*

Akainuka, akamkumbatia mume wangu. Koplo alidhani mwenzake amesoma yote, amesoma na bado amekuja. Akamwangukia begani akilia kwa sauti, anauliza, "Umenisamehe? Hata ile ya lori? Hata ya mahakamani, ndugu yangu, umenisamehe?"

Redio alihisi kifua cha mwenzake kinatetemeka, akajua anaambiwa kitu. Akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wa mume wangu, akanipa daftari.

"ANASEMAJE, SHEMEJI?"

Nikaandika: *Anakushukuru.*