Pumzi ya Silvanus Wesonga

Asubuhi za Juni, ukungu wa milima ya Ronge huteremka hadi mashamba ya mkonge ya chini ya Mwatate na kukwama hapo, kama uliosahau ulikokuwa ukienda. Jumapili, watu wa kambi ya wafanyakazi husikia ndani yake tarumbeta kubwa ya besi kabla ya kumwona mpigaji. Mpigaji ni Silvanus Wesonga, mtu wa mkoa wa Magharibi, aliyekuja akiwa kijana kutafuta kazi na hakurudi kwao.

Kazi aliipata katika chumba cha brashi, mahali nyuzi za mkonge zilizokauka husuguliwa mpaka zing'ae. Vumbi la huko ni jeupe na jepesi. Jua likipenya dirishani, vumbi lilielea kama unga uliokataa kuanguka, naye Silvanus alijiona akitembea mawinguni bila miguu. Kumbe vumbi lilikuwa likiingia. Wafanyakazi waliambizana kwamba dawa yake ni maziwa: kikombe kimoja baada ya zamu, vumbi lote linateremka. Silvanus alikunywa miaka yote ya kazi. Lakini maziwa hayaijui njia ya mapafu. Alistaafu na kifua kinachopiga miluzi.

Nyuzi zake zilivuka bahari zikawa kamba za watu wengine, na kifua kilichozisafisha kikaachiwa kikombe cha maziwa. Anayesoma haya bila kukasirika, ayasome tena.

Mwaka jana muuguzi Wakio, binti wa milimani, alifika kambini kuwaeleza wazee kuhusu chanjo ya mafua makali na ya nimonia. Alisema zinawafaa hasa waliozeeka, na wenye ugonjwa wa kifua, moyo au sukari. Silvanus alicheka.

"Binti yangu, chanjo ni ya mtoto wa mgongoni. Mimi ni babu."

"Basi panda mgongoni, babu, nikuchanje."

Watu walicheka, naye akaahidi kuchanjwa mavuno yakipita. Mavuno yalipita bila yeye kuchanjwa, baridi ikashuka, mafua yakamshika yakageuka nimonia. Akiwa hospitalini Voi, bomba la oksijeni puani, aliota yumo ndani ya tarumbeta yake mwenyewe. Kuta zilimetameta kama machweo, njia ikapinda na kupinda, na kila kona ilikuwa nyembamba kuliko ile aliyoiacha. Mbali, kwenye mdomo mpana, mkewe Kavetsa alikuwa akimwita. Alipofumbua macho, Kavetsa alikuwa ameishika miguu yake kwa mikono yote miwili, kama anayemzuia mtu kuondoka.

Nani aliyetufundisha kwamba kinga ya mtu inakwisha meno ya kwanza yakiota?

Mwaka huu Wakio alirudi Jumamosi, siku moja kabla ya ibada ya mavuno, akaweka kisanduku chake cha barafu chenye chanjo kwenye baraza ya kanisa. Silvanus alikuwa akienda mazoezini, tarumbeta begani, Kavetsa nyuma yake.

"Nitakuja Jumatatu," alisema.

"Jumatatu nitakuwa huko juu Ronge, baba."

"Na hiyo sindano ikiniletea mafua?"

"Mafua haileti. Mikono itauma, pengine na kijihoma cha siku moja mbili. Sikudanganyi kwamba hutaugua kamwe. Lakini hatari ya kurudi kwenye oksijeni itapungua."

Sifuna, kiongozi wa bendi ya kanisa, aliingilia. "Mwache kesho ipite, dada. Bendi bila besi ni ugali bila mboga."

"Ugali bila unga!" Silvanus alimsahihisha.

Kavetsa hakucheka. "Sifuna, kifua chake kikifunga, wewe ndiwe utakayempulizia?" Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Ronald, mwaka jana ulisema vivyo hivyo. Mimi miguu hiyo sitaishika tena."

Silvanus akaishusha tarumbeta chini, polepole, akakunja mikono ya shati. Ya mafua mkono huu, ya nimonia mkono ule.

"Ya mafua ni ya kila mwaka," Wakio alimkumbusha.

"Kumbe tumeoana!"

Jumapili mikono ilikataa. Alijaribu kuinyanyua tarumbeta ikawa nzito kama mtoto aliyelala. Kijihoma kilikuwa kimelainisha dunia yote, hata kuku wa uani walipita kama wanaogelea. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, Kavetsa akamfunika shuka.

Ndipo bendi ikaja kutoka ukunguni. Tangu ajiunge nayo, hakuwahi kuisikia kutoka nje. Alizisikia tarumbeta ndogo, akaisikia ngoma, na chini yake akasikia nafasi tupu, pana, yenye umbo la sauti yake.

"Wanakosea?" Kavetsa aliuliza.

"Hapana. Wameniachia mahali."

Walipofika mbele ya nyumba, wimbo ulifika pale besi inapopiga peke yake. Sifuna aliinua mkono. Kila chombo kikanyamaza, zikabaki nyayo zikikanyaga udongo mwekundu. Silvanus alivuta pumzi. Ilipiga mluzi ikiingia, lakini iliingia yote. Akaiimba besi kwa mdomo, mikono imelala mapajani, na sauti ikatoka ndogo, ikayumba, ikasimama, nayo bendi ikapiga hatua kwa kuifuata.