Mgeni Aliyetaka Kuzibwa Mshono

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Makindu, mchana jua likichoma, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya kaluvu.

Mimi huunda ndege za plastiki, zile ndogo zinazokuja kwa boksi zikiwa vipande. Ndiyo, mama mzima. Mwili wa ndege huja nusu mbili, na ukishazigundisha unabaki mshono mgongoni. Unauziba kwa puti, halafu unapiga msasa mpaka upotee. Shida ni kwamba kando yake kuna mistari myembamba, inayoonyesha mabati ya ndege yalipokutana. Hiyo haifai kupotea. Ukiifuta, ndege inabaki kama kipande cha sabuni.

Basi Jumapili moja nilikuwa barazani na msasa wangu, nikasikia hodi. Mwanamume wa makamo, suti safi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama, ni wewe unaziba mishono bila kufuta mistari?"

"Ni mimi. Umeleta ndege?"

Akavua kofia.

Niamini. Mshono ulianzia utosini, ukakata paji la uso, ukapanda pua, ukashuka hadi kidevuni. Ukucha ungeingia. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilitaka kukimbia.

"Jumamosi napeleka mbuzi wa mahari kwa kina mchumba wangu, kule Kalamba," akasema kwa haya. "Yeye amenizoea. Lakini mamake akiniona hivi, tutarudishwa, mimi na mbuzi. Nisaidie, mama. Ila hii mikunjo ya kucheka usiguse. Ndiyo aliyonipendea."

Huruma ikashinda hofu. Nikafunika mikunjo kwa selotepu, nikapaka puti, tukangoja ikauke, nikaanza kusugua na maji. Nilipomgonga paji kidogo, lililia kama jerikeni tupu. Mume wangu Mutua akatoka na chai, akamtazama, akasema, "Karibu, mzee," akarudi ndani. Baadaye aliniambia alidhani ni mambo ya urembo!

Halafu selotepu ikateleza. Mkunjo wa kushoto ukaenda na msasa.

Mgeni akashika kioo. "Mama, umenifuta. Sasa nitacheka na nini?"

Jasho lilinitoka, nakuambia. Nikambandika tepu mpya iwe rula, nikachukua sindano, nikauchora ule mkunjo upya, polepole, nikiomba Mungu. Ukatoka umepinda. Akajaribu kucheka, kicheko kikaenda upande. Akakitazama kwenye kioo, akacheka zaidi.

"Aii! Huu ni mzuri kuliko ule wa kwanza!"

Akashukuru, akavaa kofia. Lori likapita barabarani, upepo wake ukambeba mpaka kwenye ua wa waya. Akaushika hadi upepo ukatulia, kisha akaenda zake.

Binamu yangu wa Kalamba anasema mbuzi walipokelewa, na mama mkwe hamalizi kusifu kicheko cha yule mwanamume.

Lakini mimi sijapona. Kanisani simsikii mhubiri, natafuta mishono kwenye nyuso za watu. Nimeona miwili, na sitasema ya nani. Na Mutua siku hizi hataki kabisa nimguse nyuma ya masikio. Eti namtekenya. Miaka yote hii ya ndoa, ndiyo anaanza kutekenyeka leo?

Kwa hivyo sikia: ukijua kuziba mishono, usijitangaze. Na ukiona mshono kwa mtu wako, mmiminie chai, unyamaze.