Mikono ya Joho la Bibi Hyobu

Noto si jina lake. Ni jimbo ambalo baba yake alikuwa gavana wake, maana huku Japani sisi wanawake wa ikulu tunaitwa kwa vyeo vya wanaume wetu, utadhani mama zetu waliishiwa majina. Alipofika kwa Malkia hakujua hata kupanga majoho. Aliyemfundisha ni Bibi Hyobu, mjane tuliyelala naye chumba kimoja: rangi ipi iwe juu, ipi chini, na mikono ya joho itokeze kiasi gani chini ya pazia. Wanaume wanaopita nje hawatuoni uso. Wanaona mikono ya nguo tu, basi wameshakupima.

Kisha Noto akaanza kuandika hadithi. Alikuwa hodari, sikatai. Malkia akamwambia sura mpya ikimpendeza, atamfanya mwandishi wake. Noto akataka kuchekesha. Akatunga bibi kizee anayevaa rangi za maua ya plamu wakati plamu zimeshapukutika na micheri imechanua, na kwetu kuvaa maua ya msimu uliopita ni kichekesho.

Siku ya kusomwa tulivunjika mbavu. Halafu macho yakateremka chini ya pazia. Katikati ya rangi za micheri ilitokeza mikono ya plamu ya Bibi Hyobu.

"Shoga, si ndiye huyo?"

"Nyamaza, atasikia!"

"Asikie mara ngapi? Kashasomewa!"

Bibi Hyobu akaivuta mikono yake ndani, taratibu, huku akicheka nasi. Hakuwa na joho jingine la kuvaa mbele ya watu tangu mumewe afe. Noto alijua, alimwona akilitia viraka.

Malkia akauliza, "Noto, bibi huyu ni nani?"

"Wa kubuni tu, Mtukufu."

Cheo akapewa.

Micheri ilikuwa bado ina maua Bibi Hyobu alipoaga kwenda milimani kuwa mtawa. Noto alimfuata mpaka mlangoni.

"Mama, nitaifuta ile sura."

"Ya nini, mwanangu? Umeniandika vizuri."

Heri angemtukana.

Noto akazunguka vyumbani kukusanya nakala. Kwa mwenzetu Bibi Tosa alikwama.

"Ile ya bibi wa plamu? Thubutu! Hapo ndipo patamu. Dada yangu kainakili, kaipeleka mbali kule Tsukushi kwa shangazi, na huko wanaigombania."

Noto akafunika uso kwa upepeo.

"Jamani, mwoneni mwenzenu," Tosa akapaza sauti, "anaona haya kusifiwa!"