Shosho Aliyeomba Kulishwa Keki

Haki ya Mungu, haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, ndani ya Lavington. Sikusimuliwa na mtu. Najua kuna wale wakisikia mambo kama haya wanasema, "Huyo alikuwa amelewa," au, "Huyo alikuwa na njaa." Pombe situmii. Njaa, sawa, njaa nilikuwa nayo, na nitakueleza kwa nini. Lakini njaa yangu mimi inawezaje kumzeesha mtu mwingine?

Na usidhani mimi ni mtu wa kuogopaogopa. Nimekaa mapokezi kwenye kliniki ya meno kule Hurlingham miaka kumi na moja. Nimeona wanaume wazima, wenye magari marefu, wakinishika mkono na kulia kwa sababu ya sindano. Ukifanya kazi kama ile unazoea kumwangalia mtu mdomo kabla ya kumwangalia macho. Ukinisalimia tu, mimi nishajua ni meno mangapi umebakiza.

Mdogo wangu anaitwa Mwende. Tunaishi pamoja Waithaka, ghorofa ya tatu, tangu alipomaliza shule na mama akamtuma kutoka Kitui akaniambia, "Huyu sasa ni wako." Januari hiyo alikuwa na miaka ishirini na tisa, na Aprili alikuwa aolewe na Kyalo. Kyalo ni kijana mpole, mchimba visima, kazi yake ni huko kaskazini kwenye jua kali, anaweza kukaa wiki sita bila kukanyaga Nairobi. Tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa kanisani. Kilichobaki kilikuwa gauni na keki.

Na ile keki, jameni! Mwende hakutaka keki ya duka kubwa. Alitaka ya mtu mmoja anayeoka kwa mikono yake. Kwa hivyo kila Jumamosi tangu Novemba tulikuwa tunazunguka mikahawa midogo midogo, ile ya mtu binafsi, mmoja katikati ya mji juu ya duka la vitambaa, mwingine hapo karibu na kazini kwangu. Tunaagiza kahawa mbili, kipande kimoja cha keki, uma mbili. Mwende anaonja, anafunga macho, halafu anaandika kwenye kidaftari: "Kavu." "Mayai yananuka." "Hii hata Kyalo hawezi kumaliza." Nilizipenda sana hizo Jumamosi.

Siku hiyo tulienda Lavington. Ni nyumba ya zamani yenye bustani, nyuma ya ukuta, na mlinzi anakufungulia geti kana kwamba umekuja kuona balozi. Mwenyewe ni mama mmoja wa Kihindi, wateja wote wanamwita Auntie. Amegeuza sebule yake kuwa mkahawa wa meza sita, na anaoka mwenyewe jikoni huko nyuma. Keki yake ya iliki ilikuwa inasifiwa sana.

Sasa hiyo njaa. Kanisa letu hufunga siku ishirini na moja kila Januari, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa siku ya tisa. Tulifika pale saa kumi na moja na robo.

"Sista, kwani ni lazima ungekuja?" Mwende akaniuliza huku akicheka. "Si hii ni kujitesa?"

"Naagiza kipande changu, nakiangalia," nikamwambia. "Saa kumi na mbili ikigonga, nakimaliza na sahani."

Basi nikakaa na kipande changu mbele yangu, kisichoguswa, na glasi ya maji. Macho yangu yalikuwa makali. Wewe ukishafunga unajua, mwili unalegea lakini macho hayapitwi na kitu.

Ndipo huyo shosho akaingia.

Alikuwa mzee kabisa. Suti ya zambarau ya kanisani, kofia ndogo, mkongojo. Pete yake ilikuwa imezungushiwa uzi ili isidondoke kidoleni. Meno ya mbele juu hakuna hata moja. Aliketi peke yake, na msichana wa kuhudumia akamletea keki nzima, nyeupe, yenye mshumaa mmoja. Akauzima mwenyewe kwa vidole. Woiye, nilimwonea huruma! Mwende naye machozi yakamlengalenga, maana moyo wake ni mwepesi.

Shosho akakata vipande vidogo, akaweka kwenye sahani, akaanza kuzunguka meza.

Kama umekaa Nairobi unajua mambo yetu ya keki. Mwenye siku yake hakupi sahani ujilie. Anakulisha mdomoni kwa mkono wake, na wewe unamlisha yeye. Ofisini tunafanya, harusini tunafanya, hata kanisani baada ya ibada. Nani anakataa? Ukikataa ni kama umemtemea mtu mate siku yake ya kuzaliwa.

Meza ya kwanza alikuwa kijana na kompyuta yake. Nilimsikia shosho akisema, "Leo ni siku yangu na sina wa kunilisha. Una miaka mingapi, mwanangu?" Kijana akasema ishirini na sita. Akalishwa, akamlisha. Mkono wa shosho ulikuwa unatetemeka mpaka makombo yakaanguka kwenye kompyuta ya watu.

Meza ya pili walikuwa wasichana wawili wakipiga picha kahawa yao. Akawauliza vilevile, miaka mingapi, miaka mingapi. Wakamlisha huku wakijirekodi na kucheka.

Alipogeuka kuja kwetu, mkongojo hakuwa nao. Ulikuwa umebaki umeegemea kiti cha wale wasichana. Nikajiambia, labda ameusahau. Lakini mtu hasahau mguu wake, na mkongojo ni mguu.

"Leo ni siku yangu," akatuambia. Sauti ilikuwa nzito kuliko ile niliyoisikia mwanzo. "Wewe mrembo una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa, shosho. Heri ya siku ya kuzaliwa!"

"Ishirini na tisa," akasema polepole, kama mtu anayeonja. Akamlisha Mwende, Mwende akamlisha yeye. Kisha akanigeukia mimi.

Na hapa ndipo nilipokosea, na Mungu anisamehe. Niliona aibu. Sisi watu wa Waithaka tumekaa kwenye viti vya Lavington, nitaanzaje kueleza habari za kufunga? Na Bwana alisema ukifunga usijitangaze, si ndiyo? Nikatabasamu nikasema, "Shosho, mimi unisamehe kidogo. Mdogo wangu atakula na yangu pia."

Akafurahi sana. "Ala! Na yako pia? Umesema mwenyewe?"

"Ndiyo, nimesema."

Akamlisha Mwende tena. Mwende akamlisha tena, huku akinikonyeza, maana hata yeye alikuwa ameshiba. Shosho alipofungua mdomo kupokea, mimi kwa ile tabia yangu ya kazini nikaangalia ndani.

Meno yalikuwa kamili. Yote. Juu na chini, meupe, yamepangana.

Sikiliza, mimi nayajua meno ya bandia. Nayaona kila siku, nayaandikia risiti. Yale hayakuwa ya bandia. Ufizi ulikuwa mwekundu na mbichi kama wa mtoto. Nikashusha macho kwenye mkono wake, nikaona uzi wa ile pete umekatika unaning'inia, na pete imebana kidole mpaka nyama imejaa pande zote mbili. Shingo ilikuwa imenyooka.

Akainama kwangu na kipande cha mwisho. "Hata kidogo tu, mama. Saa kumi na mbili inakaribia."

Nani alimwambia habari ya saa kumi na mbili? Nani? Tulipoitaja yeye alikuwa bado hajaingia.

Ile keki ilinigusa mdomo. Nikasikia harufu ya iliki, na tumbo langu likaniomba nifungue, naapa liliniomba. Nikakaza meno. Nikaomba kimoyomoyo, hata sijui niliomba nini. Alisukuma kidogo, aisingi, ile sukari nyeupe ya juu ya keki, ikanipaka upande wa kushoto wa mdomo, kisha akacheka, akajipangusa vidole na kutoka. Alivuka ule mtaro wa bustani kwa kuruka. Karuka tu, hop, kama msichana wa shule.

"Huyo shosho ana nguvu," Mwende akasema. Kisha akapiga mwayo. "Sista, twende nyumbani. Nimechoka ghafla."

Unaniuliza kwa nini sikupiga kelele? Ningesema nini? Ati kuna shosho ameota meno? Nilikamata mkono wa mdogo wangu tukaita teksi, na njia nzima alilala begani kwangu. Ngazi za kwetu anazipandaga akiimba. Siku hiyo alisimama kila ghorofa akishika ukuta na kuhema.

Asubuhi nikasikia ananiita kutoka bafuni. "Sista. Hebu njoo."

Nywele zake zilikuwa zimesukwa wiki hiyohiyo. Kwenye kila rasta, pale nywele zinapoota, palikuwa peupe. Mikono ilikuwa na madoa. Macho yake yalikuwa yaleyale ya Mwende, yamekaa ndani ya uso nisioujua, yakiniangalia nimweleze. Nililia nikapiga magoti pale sakafuni, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Hospitali tumeenda mbili. Damu imepimwa, tezi zimepimwa, kichwa kimepigwa picha. Daktari anaangalia kitambulisho chake, anamwangalia yeye, anauliza kama tumebeba kitambulisho cha mtu mwingine. Mchungaji ameomba, ameweka mafuta. Mama alikuja kutoka Kitui, akasimama mlangoni na mfuko wake wa pojo, akasema, "Susu?" Alidhani ni nyanya yake marehemu, maana susu kwetu ni nyanya. Kila siku ya wiki hiyo uso ulizidi kuingia ndani, mpaka ukafika mahali ukatulia.

Jumatatu nilirudi Lavington, nimekasirika, tayari kwa vita. Auntie alinikalisha jikoni akanipa chai. Hakuwa mtu mbaya, yule mama. Alikuwa kwenye oveni saa ile, hakuona kitu, na yule kijana na wale wasichana hakujua pa kuwapata.

"Huyo mzee namjua," akaniambia. "Kila Januari anakuja kuagiza ile keki moja, nyeupe, hataki jina liandikwe. Lakini sijawahi kumwona akienda. Mimi huwa naona mjukuu wake tu, pale getini. Msichana mzuri sana. Ananipungia mkono."

"Ulishawahi kuwaona pamoja, Auntie?"

Akafikiri. Nikamwona anavyofikiri, nikaona rangi inavyomtoka usoni. Tangu siku hiyo nasikia amefunga mkahawa, anasema anakarabati.

Kyalo hatukumwambia. Tungemwambiaje? Mwende aliongea naye kwa simu usiku, kwa sauti ya chini, akisema ana homa ya koo. Akiomba waonane kwa video, anasema mtandao ni mbaya. Kisha mwezi wa pili ukafika na Kyalo akarudi Nairobi bila kutuambia.

Ilikuwa Jumapili saa nane. Mlango ukabishwa na Mwende alikuwa karibu, akafungua kabla sijamzuia. Nilikuwa jikoni, niliona yote. Kyalo alikuwa na shati jipya na mfuko wa maembe. Alipomwona akavua kofia haraka, akainamisha kichwa, akampa mkono huku ameushikilia kwa mwingine, vile mtu mwenye adabu anavyomsalimia mkubwa.

"Habari yako, shosho. Naitwa Kyalo. Nimekuja kumwona Mwende."

Mwende alimwangalia. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Kyalo, na niliona alivyoubana.

"Mwende amesafiri, mwanangu," akasema.

"Atarudi lini?"

"Hakusema."

Akapokea maembe, akamshukuru, akafunga mlango. Kisha akakaa chini pale nyuma ya mlango, na tukasikia viatu vya Kyalo vikishuka ghorofa moja, nyingine, nyingine, mpaka chini.

Sasa Kyalo anamtafuta. Ameripoti polisi, amebandika picha ya Mwende kwenye nguzo za stima kutoka hapa hadi Dagoretti, ile picha anayocheka. Mwende akienda kununua mboga anapita mbele ya hiyo picha yake. Mimi hapa kushoto kwa mdomo wangu, pale aisingi iliponigusa, ngozi imekunjamana kama ya mtu wa miaka themanini, na wagonjwa kliniki wananiuliza kama niliungua. Nawaambia ndiyo.

Kwa hivyo wewe unayependa kahawa na keki, nenda, sikukatazi. Lakini mzee usiyemjua akikujia na sahani, akakuuliza umri wako kabla ya jina lako, chukua mkoba utoke. Waache wakuite mshamba. Na hata ukiwa na aibu kiasi gani, usije ukasema mwenzako atakula na yako. Atakula kweli.