Mdomo wa Nyumba ya Saba

Mie nina mdomo, najijua. Enzi zile za Ujamaa, pale Mwananyamala, balozi wetu wa nyumba kumi alinisema kikaoni mara tatu: "Binti, mdomo huponza kichwa." Kazi yake ilikuwa kuwajua watu wa nyumba zake kumi, na mie nilikuwa wa nyumba ya saba: muuza vitumbua, mtoto mgongoni, mume hayupo.

Mwaka mmoja mzee huyo balozi alianguka akiziba paa la makuti, akajigonga kichwa. Alirudi kutoka hospitali mzima, ila na adabu mpya: ukikutana naye anatabasamu tu, anakusubiri useme wewe kwanza. Tukasema, kheri, kuanguka kumemfunza upole.

Asubuhi moja mgambo wakapita kuwakusanya wasio na kazi, wakalime mashambani. Kuuza vitumbua haikuwa kazi, ingawa wao wenyewe walivila wakiwa wananiandika. Nikapandishwa lori. Mwanangu nilikuwa nimemwacha kwa jirani, na kanga kifuani ilishalowa maziwa. Niliogopa, wacha nisidanganye. Pona yangu ilikuwa moja: balozi aje aseme, "Huyu wangu, namjua."

Balozi akaja. Nikajisemea, leo angalau niwe mtu wa heshima. Nikainamisha kichwa kidogo, nikatoa kisauti cha bi harusi: "Shikamoo, baba."

Akanitazama usoni, tena kwa makini, kama anasoma barua ya lugha asiyoijua.

"Simjui," akasema.

Ee Mola! Mtoto wangu! Adabu ikanitoka yote.

"Hunijui? Ebo! Mzee mnafiki wewe! Na vitumbua vyangu je, unavijua? Kila siku viwili vya kununua na cha tatu cha kuonja! Miaka minne unaonja, hujajua tu ladha yake?"

Uso wake ukachangamka.

"Aa! Huyu wangu! Nyumba ya saba! Mshusheni upesi, kabla hajawageukia nyie."

Jioni alikuja kwangu kuniomba radhi, na machozi yalimlenga. Tangu aanguke, alisema, watu anawajua wote, ila sura zao hazimwambii kitu. Mkewe anamjua kwa kikohozi. Akanisihi nisimwambie mtu, maana balozi asiyetambua sura za watu wake, ubalozi watamwachia wa nini?

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinifafanulia. Ubongoni mna seli za neva, na kila mtu unayemjua ana kundi lake la seli. Ukiona sura yake, ukisikia sauti yake, ukisoma jina lake, kundi hilohilo linaamka. Ni chumba kimoja chenye milango mingi. Kwa mzee, mlango wa sura ndio ulioziba. Mie nilikuwamo chumbani siku zote, natukana, nasubiri kusikika.

Hilo la vyumba sikulijua wakati ule, lakini la kufanya nililijua. Tangu jioni ile, kila nikimwona mzee barazani nampigia kelele toka mbali, asipate tabu ya kunitafuta usoni. Majirani wakachukia. "Shukrani ya punda mateke! Mtu kakushusha lorini, unamtukana njiani?" Mie nikanyamaza. Hapo tu ndipo nilipojua kunyamaza.

"We mzee mlafi, bado unaonja vya watu?"

Naye huinua mkono, meno yote nje: "Marahaba, mwanangu."